Upande Mtupu wa Meza

Krrr. Sahani ya bati ilikwaruza mbao, taratibu, mzunguko mmoja kamili. Umeme ulikuwa umekatika muda ule ule na macho yangu hayajazoea giza. Ikakwaruza ya pili. Ya tatu ilikuwa yangu, maana nilihisi wali ukinipita mbele ya vidole.

"Nanay, nilikuwa bado nakula," nikasema.

"Kula. Nani kakukataza?" akajibu mama mkwe wangu. "Wewe shika kijiko chako, mimi nashika sahani."

Mlangoni mume wangu, Nulfo, alikuwa akipapasa viatu vyake. Nulfo ni fundi wa nguzo wa ushirika wa umeme hapa Tayabas. Taa zikizimika, kwenye nyumba nyingine watu hutafuta mshumaa. Kwetu simu hulia. Miezi ya tufani ni nadra afike kwenye ukoko.

Na kila akiinuka katikati ya chakula, Nanay Epang huzungusha sahani. Mtu akitoka wenzake wangali mezani, sahani zizungushwe ili huko aendako asifikwe na baya. Mtaa mzima unajua hilo, ila wengi huzungusha juu juu, kama mtu anayepangusa meza, huku wanaendelea na maongezi yao. Nanay alikuwa na masharti. Zizungushwe kabla mguu wa pili haujavuka kizingiti. Ziwe zote, hata ya mtoto. Na ya anayeondoka izunguke mara mbili.

"Lola, na ya paka?" akauliza binti yetu Ningning, mwenye miaka mitano.

"Paka naye ni mtu wa nyumba hii," bibi yake akasema. "Zungusha."

Nikacheka peke yangu gizani. Na nitasema kweli: kabla kicheko hakijaisha, nilikuwa nimeshakiona kisanduku cha nne.

Mimi huchora katuni. Ni visanduku vinne kila Jumamosi, ukurasa wa nyuma wa gazeti la wiki la Lucena, chini ya hali ya hewa. Nilijifunza katika darasa la jioni kwa miaka miwili, nikitoka kazini kwenye duka la mikate na unga bado uko kwenye nyusi, na mwaka wa pili Ningning akiwa tumboni, ananipiga teke kila nikiegemea ubao. Familia ninayoichora iko mezani siku zote. Watu huniuliza kwa nini hawaendi popote. Nami huwajibu kwamba mezani ndipo mikono ya watu wote inapoonekana pamoja. Uso unaweza kudanganya, mkono ni vigumu. Nulfo huufinyanga wali kwa vidole mpaka uwe tonge dogo gumu, hata siku ambayo kijiko kiko mbele yake. Ningning hutenga jicho la samaki pembeni, alile mwisho. Nanay huchambua miiba kwa kucha, nyama anagawa kwetu, yeye anabaki na kichwa anakifyonza mpaka kinabaki kama kibao. Mikono hii nimeijaribu mara nyingi kuliko sura zao, na bado kidole gumba cha Nulfo hunitoka kama kitunguu.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa mkali kuhusu meza. "Ukichora watu wanakula," alisema, "usimkalishe mtu upande wa huku. Upande wa huku ni wa msomaji. Ukimweka mtu hapo utachora mgongo, na mgongo hauchekeshi." Ndiyo maana familia yangu ya wino hukaa pande tatu, wamejibana kama watu waliopigwa picha ya harusi, na upande wa nne uko mtupu.

Kwetu, upande wa huku ndio wa jikoni, na ndiko anakokaa Nanay, kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya, apate kuifikia sufuria bila kumwinua mtu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilipomchora, ilinibidi kwanza nimhamishe.

Nilimpa jina la Bibi Zungusha. Kisanduku cha kwanza, baba anainuka. Cha pili, bibi anashika sahani. Cha tatu, anazungusha kwa kasi mpaka mchuzi unamrukia mgeni kifuani. Cha nne, kila kitu nyumbani kinazunguka, paka, feni, mgeni na kiti chake, na bibi amejishika kiuno anasema, "Haya, sasa nenda salama."

Jumatatu mhariri, Bwana Quiambao, akanipigia simu. Yeye hupiga akiwa anakula, saa zote.

"Herminia," akasema na mdomo umejaa, "mke wangu ameikata katuni yako akaibandika kwenye friji. Mwanamke yule hajawahi kukata kitu kwenye gazeti langu, isipokuwa kufungia mboga. Namtaka huyo bibi kila wiki."

Nikampa wiki tano mfululizo. Bibi Zungusha akazungusha sahani kanisani kwenye karamu ya ubatizo. Akazungusha ya daktari. Watu wakaanza kuniuliza dukani wiki ijayo atazungusha nini.

Nanay mwenyewe sikumwonyesha. Alijua namchora bibi fulani; alishaniambia, "Mchore, mradi usimfanye mnene." Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono, na nikajiambia akishapata nyingine ataona. Ule mkono wa miwani nilikuja kuutengeneza kwa uzi na gundi, dakika tano tu, mambo yalipokuwa yameshaharibika.

Yaliharibikia sokoni. Tulikwenda watatu kununua mwatiko kwa Ditas, ambaye ndiye muuza samaki wetu tangu Nulfo hajaota meno. Ditas akachagua samaki, na kabla hajamweka, akalizungusha sinia la mizani kwa kidole.

"Nanay Epang, nimeshakuzungushia," akasema. "Mwatiko atafika nyumbani salama."

Safu nzima ya wauza samaki ikaangua kicheko. Muuza nyama wa jirani akakizungusha kigogo chake cha kukatia. "Na mimi, Nanay, usininyime baraka."

Nanay alicheka nao, kidogo, kama mtu anayecheka kwenye mazishi. "Kuna nini leo?" akauliza.

Ditas akachomoa ukurasa chini ya meza, umelowa na magamba yameganda. "Si wewe huyu? Gauni la maua ni lile lile. Hata kushika kiuno ni wewe."

Nanay akaupeleka ukurasa mbali na macho, mkono wote umenyooka. Ningning, aliyetaka kusaidia, akamwonyesha kwa kidole: huyu baba, huyu paka, huyu Lola. Nilitamani samaki wanifunike.

"Ni mimi," Nanay akasema. "Amenipatia." Akaukunja ukurasa mara nne, akaomba samaki apasuliwe mgongoni. Njiani kurudi hakunipa kikapu nimpokee.

Jioni ile akaandaa meza ya watu watatu.

"Na wewe je?" Nulfo akamuuliza.

"Magoti yangu yamechoka na kiti kirefu. Huku kuna benchi." Akakaa jikoni karibu na jiko, sahani mapajani, paka miguuni. Kesho yake vile vile. Na kesho kutwa.

Umeme ulikatika Jumanne, tena wakati wa chakula. Simu ikalia, Nulfo akainuka. Sote tukasubiri ile sauti. Nulfo alikuwa mlangoni na kiatu kimoja mkononi, hatoki wala harudi.

"Basi nakwenda," akasema, akielekeza sauti jikoni.

"Nenda, mwanangu," jikoni kukajibu. Hapakukwaruza kitu.

Alirudi kunapambazuka anachechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Pikipiki ilimtelezea karibu na daraja.

"Ni tairi," akatuambia, hata hatujauliza. "Lilikwisha tangu Juni, nami nililijua. Tairi tu, Nanay."

Nanay akachemsha maji, akamkanda mguu. Ningefurahi kama angenitukana.

Sina hakika naamini nini kuhusu sahani. Nimesoma darasa la jioni, siyo la mchana, na mambo mengine nimeyaacha yakae yalipo. Lakini nilijua nyumba yangu imepungukiwa kitu na aliyekitoa ni mimi.

"Mwombe radhi," Nulfo akaniambia, mguu juu ya mto.

"Nimeshamwomba mara mbili."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, Nanay, pengine nimekukosea."

"Pengine," Nulfo akasema. "Mwenzangu, mimi nikishika waya wenye moto sisemi pengine."

Siku hiyo mchana nikamkuta jikoni anachambua majani ya mlonge. Nikakaa chini mbele yake, nikachukua tawi.

"Nanay, nimekukosea. Nilikuchora bila kukwambia, na watu wakakucheka mbele ya mjukuu wako."

Aliendelea kuchambua. Majani yalikuwa yakianguka kwenye ungo bila sauti.

"Umechora vizuri," akasema mwishowe. "Ndicho kinachoniuma. Ungechora vibaya ningesema siyo mimi." Akatupa kijiti. "Unajua kwa nini nazungusha?"

"Ili Nulfo arudi salama."

"Hivyo ndivyo tunavyowaambia watoto. Sikiliza. Baba yake alikuwa kondakta wa basi la Manila. Siku moja tuligombana juu ya chumvi. Akasema samaki ni chumvi tupu, nikamwambia akapikiwe na mama yake. Akainuka akaenda kazini, sahani nusu. Na mimi kwa hasira nikakalia mikono yangu, hivi." Akajiwekea mikono chini ya mapaja, kama mtoto mkaidi. "Sikuzungusha hata kikombe."

Nikaogopa kuuliza, nikauliza. "Akapata ajali?"

"Ajali gani? Alirudi asubuhi na mkate kwapani, ameshasahau yote. Akaishi miaka ishirini na miwili mbele, akafia kitandani kwake na makelele yake. Ila usiku ule mimi sikupata hata lepe la usingizi. Kila breki ikilia barabarani, ni yeye. Hapo ndipo nikajua sahani haimzungukii yeye, inanizungukia mimi. Mtu wako akishatoka mlangoni huna la kumfanyia, mwanangu. Mikono inabaki tu mezani. Basi unaipa kazi."

"Na sasa?"

"Sasa nikigusa sahani namwona Ditas na mizani yake. Mikono inaona haya." Akaupepeta ungo kidogo, vijiti vikapanda juu. "Na usije ukaacha kuchora kwa ajili yangu. Ukiacha utahamia huku jikoni, na huku hakutoshi."

Sikuacha. Lakini wiki ile karatasi ilinishinda. Alasiri nilikaa mezani, Ningning kando yangu anaandika herufi zake na ulimi nje, nikakitazama kile kiti chenye waya. Watu watatu, pande tatu, upande wa huku mtupu. Meza yetu ilikuwa imegeuka kuwa katuni yangu. Kila mmoja wetu alikula akitazama mahali ambapo hapana mtu, na wala hapakuwa na msomaji wa kutucheka.

Nikachukua penseli nikachora mgongo.

Kisanduku cha kwanza, mwanamume anainuka. Cha pili, weusi mtupu, isipokuwa mlango na tochi yake. Cha tatu, bibi anaonekana kwa nyuma, upande wa huku kabisa, kisogo na mabega, mkono mmoja kwenye sahani hii na mwingine kwenye ile. Cha nne ni hicho hicho, ila mlango umefungwa na mikono bado iko juu ya sahani. Hakuna neno hata moja. Ile mikono nilifuta na kuchora mpaka karatasi ikaota manyoya.

Safari hii, kabla ya kumpelekea mtu yeyote, nilimpelekea Nanay pamoja na miwani yenye uzi. Akaivaa, akakausha vidole kwenye gauni, akaishika karatasi kwa pembe. Akaitazama muda mrefu kuliko watu wanavyotazama katuni.

"Nywele zangu sizifungi hivyo," akasema. "Nafunga chini, karibu na shingo. Hilo fundo la juu ni la mwalimu wa shule."

Nikafuta, nikalishusha fundo.

"Na kiti?"

"Kiti kina nini?"

"Waya uko wapi?"

Nikachora waya. Akatikisa kichwa kukubali. "Mpelekee mzee wako wa gazeti."

Mzee wangu wa gazeti hakuelewa. "Kichekesho kiko wapi, Herminia?"

"Wiki hii hakipo."

"Na uso wa bibi?"

"Amekaa upande wake."

"Watu hawanunui gazeti waone kisogo."

"Uso wameuona wiki sita, Bwana Quiambao. Kisogo ni hii moja."

Nikamsikia akitafuna, akimeza. "Haya. Mke wangu akilalamika, nampa namba yako."

Ilitoka Jumamosi. Sokoni Ditas alipima samaki bila kugusa sinia, akauliza tu kama kifundo cha Nulfo kimepona. Muuza nyama alijifanya anatafuta kisu. Nanay akawaitikia wote, akanunua alichokuwa amekuja kununua, na safari hii kikapu akaniachia. Nikarudi na matumaini mengi kuliko samaki. Niliandaa sahani nne mwenyewe, yake nikaiweka upande wake, na kijiko juu.

Akaja, akaichukua sahani yake, akaenda nayo jikoni.

"Mwache," Nulfo akaninong'oneza. "Nguzo hainyanyuki kwa siku moja."

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila jioni nilikuwa naweka sahani ya nne, kila jioni akija kuichukua. Hakuwahi kuniambia nisiiweke.

Kisha redio ikatangaza tufani. Tangu asubuhi majirani walikuwa wakipanda juu ya mapaa na kufunga mabati kwa kamba, na Nulfo alishinda kazini akikata matawi yaliyoegemea nyaya. Alirudi jioni amelowa hadi soksi. Tukala mapema, mchuzi mchachu wa ukwaju na mwatiko na matembele, tupate angalau kumaliza kabla ya umeme kwenda.

Hatukumaliza. Taa zilizimika kwenye kijiko cha tatu. Simu ikalia papo hapo, kama iliyokuwa ikisubiri zamu.

"Nguzo ya kona ya shule imelala," Nulfo akasema. Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma, kisha buti, kisha komeo la mlango. Upepo ukaingia ndani na mvua yake. Alipokanyaga kizingiti nilimjua kwa kufunikwa kwa ile nuru kidogo ya nje.

Mikono yangu ilikuwa mezani, imebaki tu. Nikaelewa alichoniambia Nanay, na siyo kwa kichwa.

Nikaishika sahani yangu nikazungusha. Ni kazi ngumu kuliko nilivyokuwa nikiichora. Mchuzi uliinamia upande mmoja na mkono wangu ukateleza. Krrr. Nikaitafuta ya Nulfo, nikaizungusha mara mbili. Nikaweka kiganja juu ya kiganja cha Ningning, tukaizungusha yake pamoja.

Nulfo hakutoka. Mvua ilikuwa ikimpita na kulowesha sakafu, naye amesimama, mguu mmoja huko na mmoja huku.

Jikoni benchi likalia. Hatua zikaja, za mtu anayejua njia. Kiti chenye waya kikaburutwa, na upande wa huku wa meza nikasikia harufu ya moshi na tangawizi. Sahani ikawekwa juu ya mbao.

"Nanay," Nulfo akasema, "mguu wangu wa pili bado uko ndani."

"Nauona," akajibu, kwenye giza ambamo hata mimi sikuwa najiona.

Kisha mikono yake ikapita mezani ikikagua. Ikaigusa ya Nulfo, ikaiacha. Ikaigusa ya mtoto, ikaiacha. Ikafika kwangu.

"Hii umeizungusha nusu," akasema, akaimalizia polepole, bila kumwaga hata tone. "Haya, mwanangu. Sasa nenda."

Lakini Nulfo alikuwa bado mlangoni, na sote tulikuwa tukisikiliza mezani.

"Lola," Ningning akasema, "sahani yako bado haijazunguka."